Kaburi la Tatu Kutoka Langoni

Jumapili ya Mitende, 10 Aprili 1938. Isansa.

Nimekwisha.

Ibada ilianza vizuri. Mitende huku kwetu hakuna, kwa hiyo watoto walipunga majani ya migomba, wakayachanachana kabla ya wimbo wa pili. Rubeni alipiga tarumbeta kifua mbele, utadhani ni yeye anayeingia Yerusalemu. Nilivumilia. Halafu Mchungaji Anyosisye akasimama kutangaza utaratibu wa Pasaka. Alfajiri tutakwenda makaburini kulingoja jua, kama kila mwaka. Yatasomwa majina ya waliolala tangu Pasaka iliyopita. Ila safari hii kuna jipya: jina likisomwa, mwana mkubwa wa marehemu atatoka na kusimama kando ya kaburi la baba yake. Liwe limelimwa. Liwe safi. Wanaolala pale, akasema, si watu wa kutupwa, ni watu wa kungojwa.

Wanawake wote wakamgeukia Mama. Mama akajibu kwa utulivu kwamba Efraimu wake kila Jumamosi hutoka na jembe, na kijiji kizima humwona.

Ni kweli natoka na jembe. Naliegemeza ukutani kwa rafiki yangu Lusubilo, tunacheza bao mpaka jua linazama.

Nitaandika humu tu, na daftari hili nalificha juu ya dari: sijui kaburi la Baba ni lipi. Baba alifariki Juni, mimi nipo Lupa nachimba dhahabu. Nilichimba miaka minne, nikarudi Agosti na koti, daftari hili na kikohozi. Mama alipotaka kunipeleka kaburini, nilimwambia nimeshapita huko kabla hata ya kufika nyumbani, nikapiga magoti. Niliona haya. Mama alifurahi mno. Nilidanganya siku hiyo moja tu! Uongo mwingine wote ulikuja wenyewe.

Jumatatu, 11 Aprili

Nimepata njia. Baba yake Rubeni, Mzee Amoni, alifariki wiki tatu baada ya Baba. Na makaburi yetu ya misheni hayafuati ukoo. Wanaume safu zao, wanawake safu zao, kila mtu kwa zamu aliyokufa. Kwa hiyo wazee wale wawili wamelala jirani. Baba angelijua hilo angekataa kufa. Miaka kumi na moja hawakusalimiana, kisa nguruwe wa Mzee Amoni aliyeingia kwenye viazi vya Baba akarudi kwao bila sikio moja. Kanisani mmoja akikaa kulia, mwingine alikwenda kushoto. Sasa wako bega kwa bega mpaka siku ya mwisho.

Basi nikilijua la Amoni, nimelijua la Baba. Nilimkuta Rubeni juu ya kichuguu akifanya mazoezi ya tarumbeta. Nikamwuliza, kwa upole kabisa, baba yake amelala upande gani wa baba yangu.

Akaishusha tarumbeta. Akauliza kama nimekuja kupima mpaka. Nikasema hapana. Akasema ukoo wetu hauna haya, hata kwa wafu tunakwenda kutafuta ugomvi wa nguruwe. Nikamkumbusha kwamba nguruwe alikuwa wao. Akanikumbusha kwamba kisu kilikuwa chetu. Makaburi tukayasahau kabisa. Mkewe Teresia alikuja kututenganisha kwa ufagio, na ufagio wote uliishia mgongoni kwangu.

Nimerudi bila jibu. Wala sikio la kulia halisikii vizuri, kwa sababu Rubeni aliniaga kwa tarumbeta.

Jumatano, 13 Aprili

Mpango wa pili, wa kisomi. Karani wa kanisa, Barnaba, ana kitabu cha waliozikwa. Nilimwambia nataka kuhakikisha jina la Baba limeandikwa sawasawa. Macho yakamlengalenga. Alisema vijana wangekuwa kama mimi, misheni ingesonga mbele.

Nikasoma. Safu mpya ya wanaume ina makaburi sita. Osea, baba yangu, ni wa tatu. Amoni ni wa nne. Wazi kabisa! Nilitaka kutoka mbio kwenda kuona, Barnaba akanishika mkono. Kwa kuwa nina moyo wa namna hii, akasema, nimsaidie kuosha mabenchi kwa ajili ya Meza ya Bwana kesho.

Mabenchi ni thelathini na sita. Maji yako bondeni. Sijafika makaburini.

Alhamisi, 14 Aprili

Mabenchi bado. Barnaba hupitisha kidole kila palipokauka, kisha anatikisa kichwa.

Jioni nilikula Meza ya Bwana na mgongo uliopinda. Mchungaji alisema kila mtu aijaribu nafsi yake kwanza. Niliijaribu. Ikanijibu nilime kaburi kesho mapema.

Ijumaa Kuu, 15 Aprili

Nani alisahau kwamba Ijumaa Kuu hakuna anayeshika jembe? Mimi. Kengele hailii, kinu hakitwangi, hata kuni hazipasuliwi. Mke wangu Ferista alinikuta natoa jembe akaniuliza, Baba Ruti, unataka mvua ya mawe itushukie?

Nikageuza mpango. Nikachukua kijembe kifupi, nikakifunga mgongoni kwa kamba, juu yake nikavaa koti la Lupa. Nia yangu ilikuwa ibada ikiisha nichepuke makaburini watu wakiwa njiani kurudi.

Ibada ya mateso ni ndefu. Kuegemea siwezi. Kuinama siwezi. Nilikaa wima mpaka Fides, mke wa Mchungaji, akamnong'oneza jirani yake kwamba tazama Efraimu alivyo makini leo. Kisha tukafika pale Bwana anapoinama kichwa na kuitoa roho. Hapo kanisa lote hupiga magoti, kimya, mtoto hakohoi. Nikapiga magoti. Kamba ikakatika. Kijembe kikatoka chini ya koti, kikagonga benchi, kikaanguka sakafuni, kikalia, kikaendelea kulia. Siku ambayo hata kengele ya kanisa imenyamazishwa!

Nje, Mchungaji aliniuliza kile ni nini. Nikajibu kwamba leo kila mtu abebe mzigo wake, mimi mkulima nimebeba jembe. Alinitazama muda mrefu. Nadhani aliamini. Mama alikuwa nyuma yake, amejifunika mdomo kwa kanga. Bila shaka alikuwa analia kwa ajili ya mateso ya Bwana.

Jumamosi, 16 Aprili

Nimefanikiwa! Akili ni mali yangu, wengine wana tarumbeta.

Asubuhi nilichukua debe la udongo mweupe aliouweka Ferista kwa ajili ya kupaka kuta za nyumba kabla ya sikukuu. Nitamweleza. Njiani nikakutana na Mama anarudi kuchuma majani ya maboga, kama kila Jumamosi. Majani yenyewe hayajai kiganja, lakini mikono ina matope mpaka kwenye viwiko, na jembe begani. Jembe la nini kuchumia mboga? Wazee wana mambo yao. Akaniuliza naelekea wapi. Nikasema pale pa kila Jumamosi. Akasema haya, baba, msalimie Lusubilo.

Kachanganyikiwa, maskini. Mimi nakwenda kwa marehemu, Lusubilo ni mzima.

Nikafika kwenye safu. Makaburi sita. Vibao vyote vimeliwa na mchwa. Nikahesabu kutoka langoni: moja, mbili, tatu. Hapo nikashtuka. Je, kama walianza kuzika kutoka upande wa mikaratusi? Nikahesabu kutoka huko: moja, mbili, tatu. Kaburi lingine! Wa tatu wa huku ni wa nne wa kule. Baba na Amoni, Amoni na Baba. Kitabu kizima cha Barnaba, na hakuna aliyeandika walianzia wapi! Nilikaa chini nikataka kulia.

Kisha nikatazama vizuri. La tatu kutoka langoni ni safi. Limelimwa, limeinuliwa tuta, mawe yamepangwa pembeni, maua ya njano yameshika. Yaliyobaki yote ni majani mpaka kiunoni. Nikajiuliza kama msomi: kaburi la Baba ni wajibu wa nani? Wangu. Mimi nimewahi kulilima? Hapana. Basi lililo safi haliwezi kuwa la Baba. Ni la Amoni, maana Rubeni ni mtu wa kujionyesha.

Nikalivamia la nne. Nililima mpaka viganja vikatoka malengelenge. Nikang'oa visiki, nikapanga mawe, nikayapaka udongo mweupe yote. Kwa hasira ya kumwona Rubeni amenizidi, nikapanda maua safu mbili, yeye ana moja. Halafu nikapiga magoti, nikamwambia Baba anisamehe kwa kuchelewa. Nilimwambia na habari za Lupa. Sikuficha kitu. Nililia, naandika wazi.

Ferista amegundua kuhusu udongo. Nalala na njaa.

Jumapili ya Pasaka, 17 Aprili

Niandike taratibu nisiruke kitu.

Tarumbeta zilipita kijijini kabla jogoo hajawika. Rubeni alisimama muda mrefu zaidi mbele ya mlango wangu kuliko milango mingine. Tukaenda makaburini na kandili, tukasimama kuzunguka safu, tukaimba polepole mpaka upande wa mashariki ukapauka. Jua lilipochungulia, Mchungaji akapaza sauti kwamba Bwana amefufuka. Tukaitikia wote kwamba kweli amefufuka. Hapo hata mimi mwili ulinisisimka.

Akaanza kusoma majina. La tatu: Osea. Nikatoka, nikasimama kando ya kaburi langu jeupe. Watu wakaguna kwa kustaajabu. Nikainua kidevu.

Mama naye akatoka. Akaenda akasimama kando ya lile lingine, peke yake. Nikampungia mkono wa siri kwamba huku, Mama, huku. Akanitazama, hakusogea. Nikafikiri ni macho, na giza halijaisha.

La nne: Amoni. Rubeni akaja na tarumbeta yake, kichwa chini. Akapita kaburi alilosimama Mama. Akaja moja kwa moja mpaka kwangu, akasimama ng'ambo ya kaburi nililolilima mimi.

Nilimnong'oneza kwamba amepotea. Hakunisikia. Alikuwa anatazama mawe meupe na maua safu mbili, midomo inamcheza. Akasema mbele ya watu wote kwamba tangu wamzike baba yake hajawahi kurudi hapa, kwa uchungu, na baadaye kwa aibu. Kwamba jana aliapa aje, akashindwa. Kwamba alipofika asubuhi hii alijua ataaibika, akakuta mwana wa Osea amelima kaburi la adui wa baba yake kwa mikono yake. Akaitupa tarumbeta kwenye majani, akanikumbatia, akalia begani kwangu.

Mchungaji akakunja karatasi ya majina. Akasema kama kuna mtu hajaelewa Pasaka ni nini, atazame hapa, nguruwe amezikwa leo. Wanawake wakapiga vigelegele. Barnaba alilia kuliko wote.

Ningesema nini? Ningesema samahani, nilihesabu vibaya?

Nikasema tumshukuru Mungu.

Mchana Teresia alileta kapu la mchele wa Kamsamba, ule mzuri wa bondeni, na jogoo mzima. Ferista akanisamehe udongo. Tulikula mpaka Ruti akalala sahani mkononi. Mama alikula kidogo. Alisema ameshiba.

Jumatatu ya Pasaka, 18 Aprili

Mama aliniamsha akaniambia nichukue jembe tutembee. Hatukwenda kwa Lusubilo.

Alinipeleka mpaka kwenye lile kaburi la maua ya njano, akanishika mkono, akauweka juu ya tuta. Akasema, "Huyu ndiye baba yako. Haya, msalimie."

Alijua tangu siku ya kwanza. Siku ile ya Agosti nilipomwambia nimepiga magoti, magoti yangu hayakuwa na vumbi. Hakutaka kuniaibisha mbele ya mke wangu. Akawa anakuja yeye, Jumamosi kwa Jumamosi, majani ya maboga yakiwa kisingizio, na kila akilima anamwambia Baba kwamba ni Efraimu amemtuma. Alisema Baba aliniulizia mpaka siku ya mwisho. Alisema Jumamosi jioni, aliposikia nimetumia udongo wote, alifurahi, akadhani hatimaye nimelipata.

Sina la kujitetea. Nilikaa pale nikalia kama mtoto, na Mama alinipapasa kichwa bila kunikemea hata neno moja, jambo lililokuwa baya kuliko fimbo. Nikamwahidi kwamba nitakuja kila Jumamosi. Kwamba uongo nimeuacha. Akasema haya, baba.

Njiani kurudi tulikutana na Mchungaji. Anataka Jumapili nisimame kanisani kutoa ushuhuda jinsi nilivyomsamehe Mzee Amoni. Mama alinitazama. Nikamjibu Mchungaji kwamba ilinigharimu sala nyingi. Ningemvunjaje moyo, na wazee wa kanisa wanachaguliwa mwezi ujao! Hotuba nimeanza kuitunga hapo hapo njiani. Ni nzuri sana.

Jumamosi hii sitaweza kwenda makaburini kwa sababu ya mazoezi ya hotuba. Lusubilo ataisikiliza. Nitakwenda Jumamosi ya pili, bila kukosa. Niandike kabisa mahali penyewe ili yasije yakatokea tena: kaburi la Baba ni la tatu kutoka langoni.

Au kutoka kwenye mikaratusi. Tuliingia kwa upande gani? Machozi yalikuwa machoni, sikuangalia. Si kitu, nitalitambua, ndilo lile safi.

Yote mawili ni safi.