Malalamiko juu ya Sambaza Zisizooza

Katoyi, Goma

Mama Donatille, mtangazaji wa kipindi cha mapishi,

Nakusalimu kwa heshima. Kabla sijakulaumu, nakiri kwamba sauti yako inasikika vizuri hata mvua ikipiga mabati. Mimi ni Kasoki, mke wa Élisée, mama wa Daniella. Nakuomba kwa unyenyekevu uache kutufundisha kuhifadhi chakula, kwa sababu zifuatazo.

1. Maharage. Ulisema yalowekwe tangu jioni, maji yale yamwagwe, yachemshwe kwa kifuniko, na chumvi itiwe yakishalainika. Nilitii, yakaiva upesi na makala ya kupikia yakabaki. Zamani mgeni akifika ghafla nilimwambia maharage bado magumu, naye akichoka kungoja anaaga. Sasa anayakuta tayari. Ndivyo alivyoyakuta Florent, mdogo wa mume wangu, aliyetoka Lac Vert kutusalimia tu, na kibegi kidogo mkononi.

2. Sambaza. Ulisema dagaa hizi za ziwani tuzioshe, tuzitie chumvi, tuzianike mpaka zikauke, tuzikaange, halafu zipoe kabisa ndipo tuzifunike, maana mvuke ndio unaoozesha samaki. Mama, ni kweli, na hapo ndipo uliponimaliza. Hatuna frigo. Samaki wangu walikuwa wakianza kunuka kesho yake, na harufu ile ilimwambia mgeni yale ambayo mimi siwezi kuyatamka. Sasa hazinuki. Nilipomuuliza Florent anarudi kwake lini, alichungulia sahani kwanza.

"Shemeji, usikuwe na wasiwasi. Sambaza zikiisha, nitaenda."

Zilipokaribia kuisha, Élisée akanunua zingine.

3. Fromage. Mume wangu alikuwa haingii jikoni hata moshi ujae nyumba. Tangu useme fromage, jibini ile ya Masisi, ifungwe kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya chumvi na kukamuliwa, kila asubuhi anaifungua, anaipangusa, anaifunga tena polepole kama mtoto mchanga. Juzi nilikuwa na homa. Niliambiwa ninywe maji na nifunge mulango, joto lisiingie kwa fromage. Yeye na Florent wanakaa kando yake na kucheka mpaka machozi. Sijawahi kuambiwa wanacheka nini.

4. Unga wa muhogo. Ulisema uanikwe, utiwe kwenye ndoo ya kifuniko pamoja na pilipili kavu, wadudu watakimbia. Walikimbia. Walikimbilia kwa jirani yangu Rosine, ambaye alisimama uani akapaza sauti: "Mama Daniella! Hii wadudu unanitumia na dawa gani?"

Sasa avenue yote inajua kwamba mimi natuma wadudu. Chef wa avenue, kiongozi wetu wa mtaa, alikuja kuchunguza. Akaonja bugali, akaomba tena, akaonyeshwa fromage, akakaa kando yake kwa heshima. Alipoaga alisema jambo hili ni zito na uchunguzi utaendelea kesho, saa ya kula.

Kwa hiyo naomba utupe wiki moja tu ya kuharibu chakula kwa adabu: jinsi ya kufunika samaki wangali moto, jinsi ya kusahau unga kwenye unyevu, na jinsi ya kupika maharage yakatae kuiva. Ukiona haya kuyasema redioni, niandikie mimi peke yangu.

Wasalimie wote wa nyumbani kwako, na yeyote anayeonja mboga kabla hujatutangazia.

Mimi ninayekusikiliza kila siku, bila kukosa,
Kasoki

Nyongeza: Nilikuwa sijafunga bahasha, Florent akaondoka. Amepata kazi ya kujenga kule Munigi. Alishika kibegi chake, akasema, "Shemeji, aksanti kwa yote," akaita moto ya abiria, akapanda nyuma ya dereva. Mchana tumekula sisi watatu, na hakuna aliyecheka. Élisée ameleta fromage mezani, hajaikata. Daniella ameuliza kama Munigi ni mbali.

Tafadhali usisome barua hii redioni, na usiache kutufundisha. Ila nijulishe haraka: sambaza zikikauka vizuri zaidi, zinaweza kukaa mpaka Jumapili? Nimeshamtumia Florent habari kwamba bado ziko.