Jino Langu na Katani ya Daraja la Kwanza

Jumatatu, 4 Juni 1956

Saruji ya jino imetoka tena. Mara ya tatu! Safari hii kwa kashata, tena kipande kidogo. Jino lenyewe ni la mbele, juu, mahali ambapo dunia nzima inaona. Daktari wa meno alishanionya: mzizi umelegea, saruji ikitoka tena hazibi, anang'oa. Akanionyesha koleo. Nalikumbuka koleo lile kuliko ninavyoikumbuka sura ya daktari.

Na Jumapili ni zamu yangu ya kusoma somo kanisani! Mzee Methusela, mzee wa kanisa na baba yake Lea, amesema wazi kwamba hatampokea mshenga wangu mpaka anisikie nikisoma. Hataki mkwe wa kunong'ona.

Nimejaribu kusoma mbele ya kioo. Kila "s" inapiga filimbi. Ernesti, karani mwenzangu hapa ghala la katani, amenisikia. Akauliza kama nimehamia reli. Kisha, kwa upole wa kutisha, akasema yuko tayari kunisomea hilo somo. Ernesti naye anamtazama Lea. Asilani!

Jumanne, 5 Juni

Nimetumwa Raskazone, nyumbani kwa bwana meneja. Mafundi wanatengeneza dari. Wanachanganya plasta na katani! Nikamwuliza fundi sababu. Akanitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini maji yanalowesha. Bila katani, akasema, dari itamwangukia bwana kwenye supu.

Nimerudi mjini nusu nikikimbia. Kama katani inashika dari nzima, itashindwaje kushika saruji ndani ya jino?

Nikamwendea Haji, msaidizi wa daktari wa meno. Yeye ndiye anayekoroga saruji. Akacheka: karani, mdomo wako si nyumba ya Raskazone. Lakini amechoka kukorogea meno yale yale kila mwezi, kwa hiyo akanipa unga kidogo kwenye karatasi na maji yake kwenye kichupa. Sharti moja: katani niikatekate, iwe vipande vifupi kama miguu ya sisimizi. Nimeandika. Pia ameniomba, nikifa, nisimtaje.

Jumatano, 6 Juni

Nimelifikiri neno la Haji. Silikubali. Vipande vifupi! Mwaka wa pili huu naandika madaraja ya katani. Futi tatu kwenda juu, daraja la kwanza. Fupi ni takataka, hufungwa robota lake peke yake, kama mgonjwa wa ukoma. Haji ni mtu wa meno, hajui mkonge. Siwezi kutia takataka kinywani mwangu.

Majaribio. Nimepata meno mawili ya mbuzi kwa mchinjaji. La kwanza, saruji tupu. La pili, saruji na uzi mmoja wa katani wa daraja la kwanza, mzima, umeoshwa, umechanwa kwa kitana. Yalipokauka nikayapiga kwa rula ya ofisi. Saruji tupu ilipasuka pigo la pili. Ya katani ilipokea mapigo thelathini na moja! Kilichovunjika ni rula.

Nimeanza rasimu ya barua kwa wakubwa wa tiba. Kwa nini katani yetu iishie kwenye kamba na magunia? Itazunguka dunia ndani ya vinywa vya watu!

Dosari ndogo: mkia. Futi mbili na inchi kumi zimebaki nje ya jino la mbuzi.

Alhamisi, 7 Juni

Nimejiziba jino mwenyewe mbele ya kioo cha kunyolea, kwa uzi mzima vilevile. Imeshika kama jiwe. Hakuna filimbi! Nimelisoma somo lote mara nne, kwa sauti. Bi Mwamvua, mwenye nyumba yangu hapa Chumbageni, akagonga ukuta. Akasema kama nia yangu ni kumbatiza, basi nipunguze sauti.

Mkia nimeukunja vizuri kati ya mdomo na ufizi. Kuukata? Nitakuwa nimeishusha daraja. La.

Ijumaa, 8 Juni

Ernesti ameutazama mdomo wangu ulivyotuna. Akauliza kama masharubu yangu yameamua kuota kwa ndani. Ghala zima likacheka.

Nimemwonyesha Haji. Akakaa chini sakafuni. Alipopata pumzi akasema wallahi saruji hii ni imara kuliko ya daktari, lakini mkia huo uondoke leo hii. Akachukua mkasi. Mkasi ukameremeta sawasawa na lile koleo. Nikakumbuka nina kazi ofisini.

Jumapili, 10 Juni

Nimesoma! Mistari sita ya kwanza safi kabisa. Lea, kwenye kwaya, akatabasamu. Nami nikatabasamu. Kosa! Mkia ukateleza, ukaning'inia mpaka kwenye kitabu. Mimi sikujua. Mzee Methusela, kiti cha mbele, aliuona. Mtu huyu amekuwa nyapara wa brashi, mashine ya kuchania katani, miaka ishirini, shamba la mkonge upande wa Mwera. Hawezi kuona uzi wa katani umetoka nje ya mstari akauacha. Akainuka. Akaninong'oneza: samahani, mwanangu. Akauzungusha kidoleni kama wafanyavyo watu wa brashi. Akavuta.

Jino likatoka. Zima! Bila koleo! Likabembea mkononi mwake kama funguo.

Niliweka leso mdomoni nikamaliza mistari yote iliyobaki, filimbi juu ya filimbi.

Nje ya kanisa, Ernesti akasema kwa sauti kwamba yeye angesoma vizuri zaidi, ana meno yote. Mzee Methusela akamjibu kwamba meno hata punda anayo. Leo ameona kijana anang'olewa jino hadharani na haachi kusoma. Mshenga aje Jumamosi.

Jumamosi! Lea, akipita, aliniuliza chinichini kama napenda uji.

Jumatatu, 11 Juni

Nimelichunguza jino. Saruji haikutikisika hata kidogo! Kwa hiyo ugunduzi umefaulu kikamilifu. Lililoshindwa ni jino. Nimeyaongeza hayo kwenye rasimu.

Haji amerudia habari ya vipande vifupi. Nimemshukuru kwa adabu. Watu wa meno ni wagumu kufundishika.

Nilipokwenda kumwamkia Mzee Methusela, baada ya shikamoo alinieleza kwamba gego linamwuma akinywa chai, naye anaogopa koleo kama mimi. Nimemwahidi kumziba kwa mkono wangu siku ileile mshenga atakapopeleka barua ya posa. Mkwe lazima atunzwe. Na gego ni jino kubwa, halistahili uzi wa kawaida. Nimeshachagua mmoja kutoka robota jipya: futi nne na nusu.