Vimulimuli Kwenye Maua ya Cheri

Nikiri kosa kabla sijaulizwa: mtu wa kwanza kumwita Kuwabara Seiji "kichwa" hapa Kanazawa ni mimi. Mdomo huu huu. Mnisamehe.

Kichwa chenyewe kilikuwa kimeona kitu kwenye gulio la hekaluni: kisanduku kitupu cha mbao nyeupe, na kwenye kifuniko saini ya wino ya fundi mkubwa wa kalamu, sasa marehemu. Kwetu, kalamu ya fundi bila kisanduku chake ni bwana harusi bila suruali: hata awe wa ukoo gani, hapokelewi. Kuwabara aliuza koti lake la baridi akakinunua. Ndani akatia kalamu ya plastiki ya kiwandani, imepigwa chapa ya dhahabu ya uongo: maua ya cheri yanapukutika, vimulimuli wanaruka katikati.

Dili likibuma, ingembidi arudi kwa dada yake kijijini kuosha figili kwenye maji ya barafu. Kwa hiyo alitabasamu kwa meno yote mbele ya Bibi Uozumi, mjane wa daktari, mpenda kalamu na mchukia kutoa hela.

"Bibi, nakuuzia kwa uchungu. Ni ya marehemu babu."

"Babu zako wangapi, mwanangu? Mwaka jana ulimuuzia jirani birika la marehemu babu."

"Huyo wa upande wa mama, bibi."

"Wapumzike wote."

Akavaa miwani, akaigeuza kalamu. "Loo! Maua ya cheri na vimulimuli, pamoja! Umri wangu wote sijaona."

Kuwabara akavimba kwa sifa. Bwege! Mtoto wa chekechea anajua cheri hupukutika mwezi wa nne, vimulimuli hutoka wa sita. Fundi wa kweli angejikata kidole kabla ya kuvichora pamoja. Lakini mtu aliyekulia kwenye mashine za kamari atayajulia wapi majira?

"Naitaka," bibi akasema. "Ila kaka yangu anaijua saini ya fundi. Niachie kisanduku akitazame. Kalamu nenda nayo. Mali kama hii, nikiidondosha je?"

Moyo wa Kuwabara ukacheza ngoma. Alichoogopa ni kalamu kukaguliwa. Saini ilikuwa halali. Akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akaondoka na plastiki yake kifuani kama kichanga.

Siku ya tatu alikuta mlango umefungwa. Jirani, yule wa birika, alikuwa akizoa theluji kwa sepetu.

"Bibi Uozumi yupo?"

"Yumo, anakunywa chai. Jana karudi kutoka Tokyo, huko kaiuza kalamu ya marehemu mumewe, kazi ya fundi mwenyewe. Miaka ishirini wanunuzi wanamkatalia, eti haina kisanduku. Kumbe kuna fala kamletea kimoja mpaka mlangoni." Akamtazama juu mpaka chini. "Vipi, babu mwingine kafariki?"

Kuwabara alibonyeza kengele. Akabonyeza tena. Ndani kijiko kililia kwenye kikombe, kikanyamaza. Akapiga magoti kwenye theluji, mdomo kwenye tundu la barua.

"Bibi… kisanduku nimekusamehe. Basi ichukue na kalamu, bibi, unipe nauli ya kijijini tu!"