Mbegu ya Baroni

Watu wengine wakimwona mbwa huona mbwa. Esdras, alipomwona Baroni akishuka mlima mbele ya ng'ombe wa Papa Makuza, aliona harusi yake mwenyewe.

Baroni alikuwa teria, kizazi cha mbwa wadogo walioumbwa kwa kufukua mashimo na kukamata panya. Ungeweza kumtia ndani ya ndoo ya maziwa na bado ukapata nafasi ya maziwa. Manyoya yalimfunika macho, ndevu zilimning'inia, na alitembea kama mtu anayedaiwa heshima na dunia nzima. Mzungu mmoja wa shirika alimwachia Makuza siku alipofungasha virago kurudi kwao, na tangu hapo Baroni alikuwa mlinzi wa kibanda cha kutengenezea jibini. Panya wa mlima ule walimjua kwa jina.

Esdras naye alijulikana kwa jina, ila si kwa heshima ile. Alizaliwa Shasha, kando ya ziwa, kwa watu wanaojua samaki. Ng'ombe, yeye alimfahamu zaidi akiwa sahanini. Akapanda mpaka Rubaya kufuata watu wa madini, lakini sululu hakuigusa hata siku moja. Yeye alikuwa komisioneri, yaani mtu wa katikati: anamkutanisha mwenye kitu na mwenye tamaa, kisha anakula pande zote mbili. Inasemekana aliwahi kumuuzia mtu shimo la coltan ambalo wenyewe walikuwa wanalitumia kama choo. Mnunuzi alichimba wiki nzima akisifu ulaini wa udongo.

Lakini mtu huyu, aliyeweza kuuza chochote, alikuwa na kitu kimoja asichoweza kukipata kwa maneno. Kitu hicho kiliitwa Murekatete, binti wa Makuza, aliyeshusha jibini na bidoni za maziwa Rubaya kila siku ya soko. Esdras alimpenda kweli. Hilo lilimtia aibu kidogo, maana halikuwa na faida ndani yake. Alikwenda kumwomba kwa baba yake, akazungumza kutoka chai mpaka viazi, na Makuza akamsikiliza kwa adabu zote. Kisha mzee akasema: "Kijana, unaongea muzuri sana. Lakini kwetu mutoto haendi na maneno. Anaenda na ngombe. Ao ulete, ao uache."

Ng'ombe! Esdras hakuwa hata na kuku. Ndiyo maana, alipomwona Baroni anashuka mlima, moyo wake uliruka. Kule Rubaya, Mama Bibiche, mfanyabiashara wa coltan, alikuwa na teria jike wa rangi ya majivu aitwaye Princesse, mwenye utepe mwekundu kichwani. Dume hapa, jike kule, na katikati pengo lenye ukubwa sawasawa na Esdras. Atawaunganisha, Makuza atamlipa ujira wa ng'ombe mmoja, naye atamshusha sokoni ambadilishe na wa rangi nyingine, kisha apande naye tena kama mahari. Atamwoa binti wa Makuza kwa ng'ombe wa Makuza! Wazo lilikuwa zuri hata akasikitika kwamba hakuna wa kumsimulia.

Alianza na Bibiche. Mama huyo alikuwa mjane mnene, mchangamfu, mwenye mizani yake mwenyewe. Wachimbaji walisema kwamba coltan ya Bibiche ina mchanga mwingi kuliko ufuo wa Shasha, lakini walilisema hilo wakiwa mbali naye.

"Mama Bibiche," Esdras alianza, akimpapasa Princesse shingoni, "hii imbwa inazeeka bure. Race, mbegu safi, bila batoto ni nini? Ni ukoo unakufa. Miye niko na ndume ya muzungu. Safi! Inakula kwa saa. Na kule Walikale, kwenye ndege inatua mu barabara, bakubwa ba madini banatafuta imbwa ya vile. Banatoa ngombe nzima kwa katoto kamoja."

Walikale hakuwahi kufika. Lakini mtu hahitaji kufika mbinguni ili aihubiri.

"Iko wapi hiyo ndume?" Bibiche aliuliza, kabla hata Esdras hajamaliza.

"Kwa Papa Makuza, kule juu. Banaiita Baroni."

"Tuende kesho."

"Kesho, Mama?"

"Juu ya nini tungoje? Wewe ndjo umesema inazeeka." Akaingia ndani, akatoka na koti la ngozi la marehemu mume wake. "Vaa. Ndjo asante yako. Na wewe ndjo utakuwa shahidi kama baba ya hao batoto ni Baroni. Umesikia? Mbele ya bantu bote."

Mwenye hekima angejiuliza haraka hii inatoka wapi. Lakini mjanja akiona mtu anakubali upesi hudhani ni kipaji chake. Esdras alilivaa koti, akajiona anafanana na mkwe wa mtu.

Jioni ile ile alikuwa kwa Makuza. Mzee alikaa nje ya nyumba, na pembeni mama yake, Bibi Nyirabagenzi, alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Murekatete alikuwa anasuuza bidoni karibu, akitega sikio.

Esdras alimwaga habari zote: Princesse, Walikale, ndege, ng'ombe kwa kila katoto. Nusu ya watoto watakuwa wa Bibiche, nusu wa Makuza. Komisioneri ataomba kitu kidogo tu, mtamba mmoja.

Makuza alikuna kidevu. "Kuchanganya si muchezo, kijana. Mimi nilichanganya ngombe ya kwetu na ile ya bazungu. Maziwa iliongezeka, kweli. Lakini miguu ilishindwa na mulima, na dawa ikamaliza ile faida ya maziwa. Mbele ya kuchanganya, unajiuliza: nataka nini kwa baba, nataka nini kwa mama?"

"Kwa baba akili, Papa. Kwa mama uzuri."

"Na kama batoto banachukua akili ya mama na uzuri ya baba?" aliuliza Bibi Nyirabagenzi bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. "Ile ya huku inachimba kutwa. Ile ya Rubaya, nasikia, inabweka kutwa. Mutapata imbwa ya kuchimba na kubweka. Nani alikuwa na shida ya imbwa ya vile? Tena ile mama iko kadogo. Batoto bakiwa bakubwa, banaweza kumuua mu tumbo. Muliwaza hiyo?"

Hilo lilikuwa swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa katika habari hii, na kama ilivyo desturi ya maswali ya maana, hakuna aliyelijibu.

"Bibi, hii ni mambo ya siyansi," Esdras akasema.

"Ee," akajibu bibi kizee, akatupa haragwe bovu. "Nilijua iko na jina."

Makuza alimtazama binti yake. Murekatete alisogea akamnong'oneza baba yake. Esdras hakuwatazama wote wawili. Alikuwa anawatazama mitamba wakiingia zizini.

"Sawa," akasema Makuza. "Kesho. Na mutamba nitakupa. Lakini hapana kwa siri, kama muwizi. Nitakupa mbele ya majirani, vile tunafanya sisi."

Kesho yake Princesse alifika kwa pikipiki, ndani ya kikapu, utepe kichwani. Majirani walikuja, maana harusi ni harusi. Wakawatia mbwa wote wawili katika zizi la ndama na kukaa pembeni kwa heshima. Baroni alimnusa Princesse mbele, akamnusa nyuma, akapiga chafya, kisha akasikia panya kwenye nyasi na kwenda zake. Princesse alijilaza kivulini akapiga miayo.

"Imeisha!" Esdras akatangaza. "Race haikawiye."

"Amina," akasema Bibiche, haraka sana.

"Na kama batoto hawafanane na Baroni?" Makuza akauliza kwa sauti ya kusikika na wote.

Esdras alijipiga kifua, koti likalia. "Papa, bakikosa kufanana na baba yao, nitabachukua bote miye mwenyewe! Nitabalea sawa batoto bangu! Bantu bote basikie!"

Watu wote walisikia. Ndipo Makuza akaingia zizini, akamleta mtamba mwekundu mwenye macho ya upole, akamwita kwa jina lake, Gaju, na kusema mbele ya watu: "Esdras, nakugabira huyu." Majirani wakapiga makofi. Mmoja akamnong'oneza Esdras apige magoti kidogo, apige makofi naye, ashukuru. Esdras alipiga magoti mawili kamili. Angepiga na la tatu kama angekuwa nalo. Wakampa maziwa kwenye chombo cha mti, akayanywa yote, na watu wakashangilia kupita kiasi, hata yeye akaona kwamba watu wa mlima huu wana furaha ya ajabu.

Siku ya soko alimshusha Gaju. Mchuuzi wa kwanza alimpapasa mgongo, akamtazama uso, akarudisha mkono kana kwamba ameshika moto.

"Si ni Gaju ya Makuza?"

"Ni yangu. Amenipa."

"Amekuuzia, ao amekugabira?"

"Kuko tofauti?"

Yule mchuuzi aliwaita wenzake waje wasikie. Walicheka mpaka ng'ombe wakageuka. Kisha mmoja akamhurumia, akamweleza. Ng'ombe wa kugabirwa hauzwi wala habadilishwi bila neno la aliyemtoa, na hawezi kurudi kwake kama mahari. Nani atalipwa kwa mali yake mwenyewe? Aliyegabirwa amekuwa mtu wa mwenye ng'ombe. Ua ukibomoka, anaitwa. Majani yakihitajika, anakata. Na ndama jike wa kwanza anarudi kwa mwenyewe.

"Na nikimurudisha leo?"

"Kurudisha ngombe? Mbele ya majirani bale bale?" Mchuuzi alifunga macho kwa huzuni. "Basi rudi Shasha, kaka. Na hata Shasha, usipite mu barabara kubwa."

Esdras alipanda mlima na Gaju wake, akiongea peke yake. Alipofika, Makuza alimpokea kwa furaha, akamwonyesha mahali ua ulipobomoka.

Aliurekebisha, akijifariji kwa watoto wa Princesse. Walikale ingekuwa ya uongo, lakini mbwa wenye ndevu wangepata wanunuzi hata Goma. Basi akangoja. Hakungoja sana. Mwezi wa pili tangu ile harusi haujaisha vizuri, Jumapili baada ya ibada, Bibiche akashuka kwenye pikipiki na kikapu. Princesse alikuwa hai, amekonda, akimbwekea kila mtu. Chini yake kulikuwa na watoto watano walioota meno tayari, wa rangi ya njano, miguu mirefu, masikio wima. Hakuna aliyekuwa na ndevu. Kila aliyewahi kununua nyama Rubaya alimtambua baba yao, mbwa wa mchinjaji, aliyelala daima mlangoni akingoja mifupa.

"Race imekawiya kidogo, mwingine akatangulia," akasema Bibi Nyirabagenzi.

Esdras aligeuka kwa Bibiche. "Mama! Ulikuja naye na mimba?"

"Nilikuwa natafuta baba wa heshima," Bibiche akajibu bila kuona haya. "Nikasema, Esdras anaweza kufanya bantu baamini. Lakini hii rangi, kaka, hata wewe hauiwezi."

"Lakini Baroni... Labda Baroni pia..."

Makuza alimwinua Baroni kwa miguu ya mbele, taratibu, akayasogeza manyoya ya nyuma. Majirani waliinama kuona, ingawa wote walikuwa wameshaona zamani. Palipopaswa kuwa na kitu palikuwa na kovu tu.

"Muzungu alimukata mbele ya kumuleta huku," akasema Makuza. "Kijana, niko mufugaji. Wewe ulikuja kuniuzia mbegu ya ndume ya kukatwa, na haukumuangalia hata mara moja. Ulikuwa unaangalia ngombe."

Mla cha mwenziwe na chake huliwa, na Esdras alijihisi ameliwa mpaka mifupa. Bibiche aliinua kikapu, akawamwaga watoto wote watano mikononi mwa Esdras, juu ya koti la ngozi, kama yeye mwenyewe alivyoahidi mbele ya watu. Wa kwanza alilikojolea papo hapo.

Usiku ule angeweza kutoroka. Aliwaza hivyo akiwa amesimama nyuma ya kibanda cha jibini, watoto wa mbwa wakimtafuna kamba za viatu, na alikuwa na uchungu kweli, wa mtu aliyependa na kuchekwa. Murekatete alimkuta pale, amebeba kibuyu cha maziwa.

"Unataka kukimbia?"

"Baba yako amenifunga."

"Si baba. Miye." Alikaa juu ya jiwe, akamimina maziwa kwa watoto. "Baba alitaka kukufukuza na fimbo siku ile ya maharagwe. Nikamuambia: Papa, ukimufukuza atacheka, atapata mwingine wa kudanganya. Umugabire ngombe. Hapo ndjo tutajua kama ananipenda ao anapenda mudomo yake."

Esdras alikuwa amekutana na wajanja wengi Rubaya, wenye mizani na wenye bunduki, na hakuna hata mmoja aliyemfanyia kitu kisafi namna ile. Alihisi hasira, na chini ya hasira alihisi fahari.

"Na mahari?"

"Gaju atazaa. Wa kwanza unarudisha. Wa pili iko yako, hakuna mwenye atasema neno. Na huyo, unamuleta."

"Hiyo ni miaka, Murekatete!"

"Race haikawiye," akasema yeye, akacheka mpaka akamwaga maziwa.

Alibaki. Alikata majani, alibeba bidoni, alijifunza kukamua, kwanza vibaya, kisha vizuri. Watoto wa Princesse walikua, na bibi kizee hakuwa amekosea: walichimba na kubweka, tena walichimba chini ya ua ule ule aliokuwa anaurekebisha. Koti aliligeuza kuwa kitanda chao. Baroni hakuwatambua.

Hatimaye Gaju akafikia umri wa kupandwa. Dume zuri mlimani lilikuwa moja tu, na lilikuwa la Makuza. Esdras alivua kofia, akaenda kwa mzee na kumwomba dume kwa maneno machache, maana siku hizi alikuwa nayo machache.

"Ndume iko," Makuza akasema, akikunja miguu. "Lakini mimi siongeaka hiyo mambo moja kwa moja. Zungumuza na komisioneri."

"Komisioneri ni nani, Papa?"

Nyuma yake, mlangoni mwa kibanda cha jibini, Murekatete alikuwa tayari amenyoosha kiganja.