Hotuba ya Saa Mbili Angani

Jumatatu, 10 Machi 2025

Nimepata njia! Dorotea anakwenda Dar Ijumaa kumwona bintiye aliyejifungua. Kwa ndege! Nimekata tiketi ya ndege hiyohiyo, kiti cha pembeni yake. Nimemwambia nafuata vipuri vya mashine yangu ya kusaga. Uongo mtakatifu. Mtandaoni wanasema Mpanda hadi Dar ni kilomita kama mia tisa, saa mbili hewani. Saa mbili! Bila wateja, bila Makarius fundi cherehani anayepita kila jioni kumuuliza kama gauni halijambana. Mjane na mgane, mawinguni. Nitamchumbia kwa hotuba ya saa mbili kamili.

Jumatano, 12 Machi

Hotuba imefika kurasa kumi na tisa. Nimewasomea kuku nikishika saa: saa moja na dakika hamsini. Zimebaki dakika kumi za yeye kukubali. Dada yangu Imakulata kachungulia, kasema Dorotea anakaa nyumba ya tatu kutoka hapa, nivae viatu nikamuulize. Hajui mipango huyu.

Ijumaa, 14 Machi

Nipo Dar, kwa binamu. Asubuhi Makarius kaja uwanjani kumbebea Dorotea begi! Nilimwonea huruma. Tukaruka. Nikaanza na asili ya ukoo wetu. Dorotea akasikiliza, mikono mapajani. Ukurasa wa saba, ndege ikaanza kushuka. Mungu wangu! Nikarukia ukurasa wa kumi na tano, nikachanganya mahari na msiba wa shangazi. Kumbe Tabora! Ndege inapitia Tabora! Wengine wakashuka, wengine wakapanda. Mtiririko umeshakatika, ikabidi nianze upya. Nilipofika kwa babu, Dorotea alikuwa amelala, kichwa begani kwangu. Nikafunga karatasi. Nikatazama mawingu hadi Dar. Sijawahi kusafiri vizuri namna ile.

Tukisubiri mabegi, akaniuliza kama nilikuwa na jambo. Nikasema ninalo, ila lina kurasa kumi na tisa. Akacheka.

“Baba Upendo, jibu langu lina neno moja tu. Wewe uliza.”

Nikazikung'uta karatasi, nikatafuta pa kuanzia. Bintiye akatokea na kichanga. Vigelegele. Nikazirudisha karatasi mfukoni.

Jumapili, 16 Machi

Dorotea kapiga simu mwenyewe! Kasema amengoja siku mbili, na neno lake bado lipo palepale. Moyo ulinidunda kama mashine ya kusaga. Nikamwomba avumilie kidogo, nijipange. Maana kosa nimelijua: safari ilikuwa fupi mno. Nimemshawishi turudi kwa treni. Siku mbili nzima! Kakubali, huku anacheka sijui nini. Nimenunua daftari jipya. Ukoo wetu utanifikisha Morogoro. Utoto wangu, Dodoma. Ombi lenyewe nimelipanga baada ya Tabora, akiwa ameshajua vizuri anaolewa na nani.