Maji ya Kioo Yatosha

Jumatatu, 5 Januari 2026

Hatimaye! Mungu ameniona.

Sukhvinder, mwenye malori pale Aston, hapa Birmingham, amepata mzigo wa kwenda Uswidi, kaskazini kabisa, ndani ya Aktiki. Vipuri vya mashine za mgodini. Wataenda madereva wawili. Atakayefanya vizuri atapewa safari hiyo iwe yake ya kudumu, na lori jipya juu.

Nalitaka lori hilo mpaka naliota. Nasambaza mikate na kigari cheupe tangu binti yangu Sagal yuko chekechea, na sasa anajiandaa kwa mtihani wa sekondari. Pale mgahawani kwa Idarous, Bordesley Green, hakuna anayeniita Abdow. Naitwa Mkate. Wiki jana mgeni kutoka Leicester, ambaye hata hanijui, alinipa mkono akasema asalaam aleikum, Bwana Mkate. Imetosha!

Sukhvinder ni Singasinga wa Nakuru, Kiswahili chake kinachechemea lakini kinafika. Aliuliza nani kati yetu anaijua baridi. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Nikamwambia nimewahi kukaa Norwe.

Si uongo. Nilikaa. Ilikuwa uwanja wa ndege, nangoja ndege nyingine, lakini nilikaa, tena kwenye kiti cha chuma. Baridi tupu.

Ubaya ni mmoja. Mwenzangu ni Séverin.

Jumatano, 7 Januari

Séverin ni Mkongo wa Bukavu. Mwanakwaya. Suruali ina mkunjo wa pasi hata akiwa chini ya lori. Viatu vinang'aa. Manukato yake yanaingia gereji kwanza, yeye anafuata. Aliishi Finlandi kabla ya kuja Birmingham, na hajisifu nako. Mtu asiyejisifu simwamini hata kidogo.

Lakini ushindi wa kwanza ni wangu! Kwa ajili ya Norwe, Sukhvinder amenikabidhi mimi kuliandaa lori.

Kasoro ndogo: sijui lori la Aktiki huandaliwa vipi. Kumuuliza Sagal atafute kwenye simu haiwezekani, atamwambia mama yake. Nikatunga hila. Nikampigia Séverin nikajifanya namtahini. Nikamwambia, haya ndugu, hebu tuone kama unajua vitu vya kuandaa. Maskini akamwaga vyote. Sepetu. Minyororo ya magurudumu. Taa. Mablanketi. Chakula cha siku nyingi kuliko safari yenyewe. Mimi upande huu naandika mbio, huku nasema vizuri, vizuri, endelea.

Mwishoni akasema: na maji ya vitre, papa Abdow, utoshe yote mbele ya kwenda.

Vitre ni kioo, hilo nalijua. Maji ya kioo ni yale yanayoruka kuosha kioo cha mbele. Lakini "utoshe yote"! Lo! Kiswahili cha hawa jamaa! Ngeli wameziacha mpakani. Mimi nilipata B ya Kiswahili Garissa, na mwalimu alisema ingekuwa A kama si mwandiko. Alitaka kusema yatoshe. Maji yatoshe. Nikamsahihisha moyoni tu, kwa heshima.

Ijumaa, 9 Januari

Baada ya sala ya Ijumaa nikaenda gereji. Nikafungua tanki la maji ya kioo, nikaongeza maji safi ya bomba mpaka juu. Nikajaza na majerikani mawili ya akiba. Kazi ya kitaalamu.

Séverin akatokea na kopo la dawa fulani, eti ya kutia kwenye tanki la kioo. Akauliza kama maji nimeyatosha. Nikamwambia yametosha mpaka yamemwagika! Akafurahi kupita kiasi. Akanishika bega. Akasema sasa nitie dawa. Akaenda zake kwaya.

Dawa niitie wapi na tanki limejaa? Nikaliacha kopo nyuma ya mlango wa gereji. Nafasi yake nikaweka ndoo ya nyirinyiri. Nyama iliyokaangwa na kuzamishwa kwenye samli haiozi, haichachi, imewavusha babu zetu kwenye ukame wa kila aina. Baridi itaifanya nini?

Nyumbani mke wangu Dahabo ameniuliza, akiwa anakatakata nyama hiyo, kama kweli nimemwambia Sukhvinder habari za Norwe. Amenikumbusha kwamba yeye alikuwepo. Amenikumbusha kwamba siku ile nililalamikia kiyoyozi. Sagal akacheka jikoni, halafu akasema neno kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Nimeamua sikulisikia.

Jumatatu, 12 Januari

Tumeondoka! Nimepiga honi mbele ya mgahawa wa Idarous mpaka wakatoka na vikombe mikononi. Idarous akapaza sauti nisisahau kuwapelekea mikate Waswidi. Wivu ni ugonjwa.

Ndani ya lori kuna vita. Yeye anataka hita kidogo, ati jasho ni adui, ukilowa ndani utaganda. Mimi nataka hita mpaka mwisho. Akaanza kuimba nyimbo za kwaya. Nami nikaanza kaswida, sauti ya juu. Akapandisha. Nikapandisha. Tulipofika bandarini Hull sote hatuna sauti, na askari wa forodha alituuliza kama tunaumwa.

Suti nzito aliyotupa Sukhvinder naivaa. Joto lake kali. Nafanana na godoro, lakini godoro la dereva mkuu.

Alhamisi, 15 Januari

Naandika na glavu. Uswidi. Hatujafika. Tumesimama kando ya barabara na nje hakuna kitu, weupe tu. Injini imezimika. Sitasema nani aliizima. Kalamu inakataa.

Ijumaa, 16 Januari

Tuko hai. Naandika kwenye karakana ya kijiji, miguu iko juu ya bomba la maji moto. Sasa nieleze, kwa haki na bila upendeleo.

Jana asubuhi nyirinyiri ilikataa. Samli imekuwa jiwe. Kijiko kimejikunja. Nikala mkate. Nasema tena, mkate!

Adhuhuri lori moja lilitupita kwa kasi likaturushia theluji chafu ya barabarani. Kioo chote kikaziba. Nikanyoosha mkono nikabonyeza kitufe cha maji. Kimya. Nikabonyeza tena. Kukasikika mlio mkavu mbele; maji yote yalikuwa barafu, na tanki limepasuka. Séverin, aliyekuwa usukani, akaegesha kwa kubahatisha huku kichwa kiko nje ya dirisha. Akaniuliza dawa imeenda wapi. Nikamjibu kwa upole kwamba dawa iko Aston.

Hapa ndipo akili yangu ilipofanya kazi. Dahabo alinijazia chupa ya chai kabla ya safari, na kila kituo mimi naijaza upya, maziwa, tangawizi, iliki. Bado ya moto kabisa! Nikashuka, nikaimwaga yote kwenye kioo.

Subhanallah! Sijawahi kuona chai ikiganda kabla haijamaliza kumwagika. Kioo kikawa na ukuta wa barafu ya kahawia. Wipa zimenaswa ndani yake. Harufu ilikuwa nzuri, siwezi kukana.

Séverin alishuka na kadi ya plastiki akaanza kukwangua. Halafu akanigeukia akawa anasema kitu, mikono inapepea, lakini upepo na ngurumo ya lori vinameza maneno. Nikafanya la busara. Nikazima injini ili nimsikie.

Alikuwa anasema: papa Abdow, usizimishe moteur!

Haikuwaka tena. Dizeli ilikuwa ya Birmingham, niliijaza mwenyewe tele ili tusisimamesimame njiani. Kumbe kule ina tabia ya samli. Hita ya kulalia ikakohoa, ikanyamaza. Tukapiga simu ya dharura. Mama mmoja mpole akatuambia upepo umefunga barabara, tusitoke ndani, gari la kusukuma theluji litakuja likiweza.

Ndipo tukagombana kama watu wazima. Séverin akasema alinionya nitoshe maji. Nikamwambia ndiyo, na yalitosha! Akasema tosha! Nikasema yalitosha, tena yalizidi! Akavua kofia yangu kichwani, akaipunga mbele ya uso wangu, akasema: nimetosha kofia! Akavuta glavu yangu: nimetosha gan! Tosha ni kuondoa! Kwao unatosha viatu mlangoni, unatosha sufuria motoni, unamtosha mtoto matopeni. Alitaka niyaondoe maji yote, nitie dawa isiyoganda!

Nikamweleza kwamba katika Kiswahili sanifu kutosha ni kuwa na kiasi kinachohitajika, na kwamba kama tutakufa hapa, tutakufa kwa sababu ya sarufi yake, si kwa sababu yangu. Akaomba arudishe kofia kichwani kwangu kwanza, halafu tuendelee.

Baridi ikaingia. Niseme wazi, niliogopa. Niliogopa vibaya. Nilimwona Dahabo akipigiwa simu, na Sagal akiitafsiri. Tukajifunika mablanketi yote pamoja, bega kwa bega, yeye na manukato yake, mimi na samli yangu. Kisha nikaona Séverin macho yanafumba. Anasema anataka kupumzika kidogo tu.

Nikaanza kuongea. Nilimpitisha kwenye ngeli zote, moja baada ya moja, na mifano. Nikamweleza maisha yangu tangu Garissa. Nikamsimulia kila duka ninalopelekea mikate, kuanzia Bordesley Green mpaka Hodge Hill, na tabia za wenye maduka. Kila akisinzia namuuliza wingi wa ufunguo, na akikosea namfinya. Alinitukana kwa Kifaransa. Nikamwambia atafsiri.

Giza lilikuwa limeshaingia gari lile lilipokuja na taa zake za rangi ya machungwa. Nililia. Séverin naye alilia, lakini yeye alikuwa na kitambaa kilichopigwa pasi. Yule dereva alikitazama kioo chetu, akakinusa, akatutazama sisi. Séverin akamalizia chupa nzima ya manukato, spiriti tupu, kwenye kioo. Ile chai ikalegea ikatoka vipande vipande! Dereva akatuvuta mpaka hapa bila kuuliza swali. Leo asubuhi lori limepata joto na dizeli ya kwao. Mzigo utafika.

Jumanne, 20 Januari

Birmingham. Mvua. Joto zuri ajabu, watu wamejikunyata vituo vya basi wakilia baridi. Nimewacheka.

Kwa Idarous nimesimulia safari yote. Nimeruka chai, na injini nimeipunguza kidogo. Nimekaza zaidi sehemu ya Mkongo kuzidiwa na baridi, mimi nikamwokoa kwa elimu. Wote walisikiliza. Idarous mwenyewe aliacha kusonga ugali. Kisha Séverin akaingia kununua sambusa, akaulizwa kama ni kweli. Ameangalia viatu vyake. Amesema ndiyo, ni kweli papa Abdow aliniokoa. Akalipa sambusa zake akatoka.

Hila gani hii? Siielewi. Sijalala vizuri.

Ijumaa, 23 Januari

Sukhvinder ametuita.

Safari amempa Séverin. Lori jipya, Séverin. Usukani, Séverin. Nikaona kile kigari cheupe kinaningoja kule nje, na jina langu la mkate limeandikwa juu yake mpaka nizeeke.

Kisha Sukhvinder akasema Séverin ameweka sharti moja. Haendi bila mimi. Sukhvinder alimuuliza mara mbili kama hajagonga kichwa. Séverin alimjibu kwamba hajapata kumwona mtu anayeongea upumbavu kwa saa nyingi hivyo bila kupumua, na kwamba angekuwa na mtu mwenye akili na kimya, yeye angelala pale na asingeamka. Kwa hiyo nimechukuliwa, dereva wa pili. Kigari cheupe basi!

Nilitoka nje nikatembea mpaka uwanja wa mpira na kurudi, machozi yananitoka, sijui kwa nini. Upepo, nadhani.

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu. Liko wazi. Séverin ametambua kwamba hawezi kitu bila mimi, na aibu imemfanya aliseme kwa kuzungukazunguka. Nimemsamehe. Usukani mwache ashike, kila kazi na mtu wake. Nimerudi kwa Sukhvinder nikamwambia, kwa vile sasa tumekuwa kikosi, lori niendelee kuliandaa mimi. Akacheka mpaka akakaa chini, akajifuta macho na kilemba. Furaha ya mwajiri aliyepata watu wa kuwaamini.

Dahabo ameanza kunifungia mzigo. Ile suti nzito nimeitoa kwenye begi nikamwachia. Baridi nimeshaizoea.