Mtaa wa Miguu wa Konde

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. (Wananchi wanaitikia.) Hamkuitikia vizuri, lakini tutaendelea. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hakuweza kufika ila kiti chake kimefika, Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati Maalumu ya Kugeuza Barabara kuwa Mtaa, pamoja na jamaa zao niliowaona wakishuka kwenye gari letu, Mheshimiwa Sheha na masheha wastaafu, Mashehe wetu, Bwana Konsaltanti, akina mama wa vikundi vilivyosajiliwa na wa vikundi ambavyo bado vinafikiria, ndugu waandishi wa habari, wote wawili, wananchi wa Konde, Mgogoni na vitongoji vyake, na mimi mwenyewe, Mheshimiwa Silima Hafidh Msellem, Mwenyekiti wa Kamati hii kwa awamu ya tatu mfululizo: itifaki imezingatiwa, na kama kuna niliyemsahau, basi ajue amesahauliwa kwa kufuata taratibu zote. (Makofi kutoka safu ya mbele.)

Ndugu wananchi, nimesimama hapa kuzindua rasmi Mradi Mkakati Shirikishi na Jumuishi wa kuibadilisha barabara hii ya Konde kutoka barabara ya kupitwa mbio hadi mtaa wa biashara wa kutembewa polepole, ambapo magari yatakaa kando, na mwananchi, kwa miguu yake mwenyewe aliyopewa na Mola wake, atatembea akinunua huku, akipumzika kule, chini ya taa za sola, juu ya matofali yenye rangi mbili, kama wafanyavyo wenzetu kule ng'ambo tulikokwenda kujifunza kwa siku kumi na nne, ambako, nasema kwa unyenyekevu, mimi binafsi nilitembea mita mia tatu bila gari. (Makofi ya safu ya mbele. Mjumbe mmoja anafuta machozi.)

(Honi. Gari ya abiria ya Wete inataka kupita katikati ya viti.)

Mpisheni, mpisheni, mradi wetu ni shirikishi. Mama, vuta kiti. Na yule mwenye baiskeli ya muhogo naye apite. Kuanzia sasa, ndugu wananchi, mtaa huu ni marufuku kwa gari lolote, isipokuwa hili lililopita, na lile linalokuja nyuma yake, na gari la Kamati, ambalo kwa tafsiri ya kitaalamu si gari bali ni ofisi inayotembea.

Nizungumze kwa takwimu, maana mimi si mtu wa maneno. Fizibiliti yetu, yaani upembuzi yakinifu, imebaini kwamba watu wanaopita hapa kwa siku ni elfu nne mia tatu na kumi na nane, na kati yao wanaotumia miguu ni asilimia mia moja na mbili. Hiyo mbili iliyozidi, Konsaltanti amenifafanulia, ni Mzee Ishak, aliyekuwa akienda na kurudi dukani kutafuta miwani yake wakati wa sensa. (Kicheko. Sauti: "Nshaiona!") Hongera, mzee wangu, umeinua wastani.

Sasa itazameni picha hii kubwa nyuma yangu. Hiyo ndiyo Konde ya kesho. Picha hii, ndugu zangu, imetugharimu jasho. Ilipoletwa mara ya kwanza ilikuwa nzuri mno, lakini kila mwananchi wa Konde ndani yake alikuwa anatembea na mbwa. (Akina mama: "Astaghfirullah!") Tena mbwa wa kufungwa kamba! Mmoja amekaa mkahawani, kiti chake mwenyewe! Nikagonga meza, nikasema haiwezekani, mbwa hapiti mbele ya msikiti wetu hata akiwa wa kwenye kompyuta. Tukaunda kamati ndogo, ikakaa vikao ishirini na sita kule Wesha, palipo na utulivu na samaki, na baada ya miezi saba ikaja na azimio la kihistoria: mbwa watolewe, wawekwe mbuzi. Katika muda huo dirisha la maombi ya miradi lilikuwa wazi, na baadaye halikuwa wazi, lakini mbwa sisi tulikuwa tumewamaliza wote. (Makofi. Sauti ya kijana: "Mbuzi wa kushoto mbona kanyanyua mguu ukutani?") Swali zuri. Litaingia kwenye mapitio ya kati.

(Mwanamke mtu mzima anasimama safu ya nyuma, kanga kiunoni.)

Naam, naona Bi Zulekha amesimama. Kwa wageni wasiomjua, huyu ndiye Bi Zulekha wa vitumbua, ambaye banda lake lilikuwa hapa pembeni kwa miaka arubaini na mbili, na ndilo lililokuwa la kwanza kubomolewa kupisha mradi, kati ya mabanda arubaini na moja. Ni mdau namba moja! Mpigieni makofi. (Bi Zulekha: "Siyataki makofi. We Silima, umekula vitumbua vyangu tangu huna meno. Mmenivunjia banda mfunguo tatu, mkanambia wiki mbili. Leo mfunguo sita, mwezi wa tatu huu! Huko Mgogoni mlikonitupa kwenye mihogo nimpikie nani mie, kuku? Nambie mbele ya hawa: narudi lini mahali pangu?" Makofi makubwa, safari hii kutoka nyuma.)

Asante sana mama kwa mchango wako, ambao umeunga mkono hoja. Neno "lini", ndugu wananchi, ni neno zito katika mipango. Masta plani haina "lini", masta plani ina awamu. Bi Zulekha yumo katika Awamu ya Nne, kipengele cha walaji na wapikaji, ambapo atapewa kioski cha vioo, na sare, na semina elekezi ya siku tatu ya namna ya kugeuza kitumbua. (Bi Zulekha: "Unifunze mie kitumbua?") Mama, tutakujengea uwezo! (Bi Zulekha: "Nijengee banda!") Naomba akae. Haya, asikae.

Sasa nihitimishe kwa shime. Nikisema Konde, nyinyi mseme Kwa Miguu! Konde! (Safu ya mbele peke yake: "Kwa miguu.") Gari kando! (Honi.) Mtaa kwanza, barabara baadaye! Tembea, nunua, tabasamu!

Sina budi kutoa shukrani. Naishukuru ofisi ya juu kwa barua yake ya jana, inayotufahamisha kwamba mradi wenye jina hili haumo katika orodha yoyote, haujawahi kuombwa wala kupitishwa, jambo linaloufanya kuwa mradi pekee kisiwani usio na doa hata moja. Namshukuru aliyetuazima picha, itashushwa saa saba, inakwenda mji mwingine. Na kipekee kabisa nawashukuru mafundi waliojenga jukwaa hili imara nililosimama juu yake, kazi ambayo imekamilika kwa asilimia mia, tena kwa kutumia mbao za hapa hapa zilizopatikana kwenye yale mabanda arubaini na moja, kwa hiyo wenye mabanda msinung'unike kwamba mradi haukuwatumia. Ahsanteni kwa kunisikiliza.

(Hakuna makofi. Bi Zulekha amefika mbele na nyundo ya fundi baiskeli, wenzake wamepanga foleni nyuma yake. Anainama, anapapasa ubao wa mwanzo, anautambua. "Huu wangu," anasema. "Silima, ondoa mguu.")